Kukoroma si usingizi mzito: Fahamu apnea ya usingizi na jinsi inavyotibiwa nchini Australia

Mamilioni ya watu duniani hukatika pumzi mara nyingi kila usiku bila wao wenyewe kujua. Maradhi hayo, yaitwayo apnea ya usingizi, yana tiba, na tiba yake kuu ilibuniwa mjini Sydney. Hata hivyo, safari ya matibabu mara nyingi huanza pale mtu wa nyumbani anapoamua kueleza alichokisikia usiku.

Mambo muhimu

- Kukoroma kwa nguvu kunakokatizwa na vipindi vya kimya ni dalili inayopaswa kufikishwa kwa daktari.
- Daktari wa familia anaweza kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda kupimwa usingizi. Medicare huchangia gharama za kipimo hicho iwapo mgonjwa ametimiza masharti.
- Mashine ya CPAP huzuia koo kuziba, lakini hufanya kazi kwa saa zile tu ambazo mgonjwa ameivaa.
- Asiyekimudu Kiingereza anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kupitia huduma ya taifa ya ukalimani, TIS National, kwa nambari 131 450.

Ni saa tisa za usiku na nyumba imetulia. Mume anakoroma kwa kishindo, kisha ghafla mkoromo unakatika. Mke aliyelala kando yake anafumbua macho na kuanza kuhesabu kimoyomoyo: sekunde kumi, ishirini, thelathini. Kifua cha mumewe kinahangaika kupanda na kushuka, lakini hakuna pumzi inayosikika. Mara mwili unashtuka, anavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na mkoromo unaanza upya. Kunapokucha, mume anaapa kwamba alilala fofofo.

Wote wawili wanasema kweli. Mke alisikia kilichotokea, na mume hakumbuki chochote kwa sababu ubongo wake ulizinduka kwa sekunde chache tu, muda usiotosha kumwachia kumbukumbu. Hiyo ndiyo sababu apnea ya usingizi inaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila kugunduliwa. Anayeumwa hayupo kushuhudia ugonjwa wake, na aliyeushuhudia huenda asijue kwamba alichokisikia ni ugonjwa.

Katika familia nyingi, mwenye kukoroma hutaniwa asubuhi kwenye kifungua kinywa, kisha maisha huendelea. Husemwa kwamba amechoka na usingizi umemkolea. Anayesinzia mchana naye huitwa mvivu. Mambo hayo mawili, kelele za usiku na usingizi wa mchana, mara nyingi huwa ni sura mbili za tatizo moja.

Kinachotokea kooni

Neno apnea limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kukosa pumzi. Aina inayowapata watu wengi zaidi husababishwa na kuziba kwa njia ya hewa. Sehemu ya juu ya koo, nyuma ya ulimi na kaakaa laini, haina mfupa wa kuishikilia iwe wazi. Mtu akiwa macho, misuli ndiyo inayofanya kazi hiyo. Anapolala, misuli hulegea. Kwa watu wengi nafasi inayobaki hutosha kupitisha hewa, lakini kwa wengine ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuibana njia hiyo.

Hali hiyo inafanana na kunywa kwa mrija laini. Mnywaji akivuta taratibu, kinywaji hupita. Akivuta kwa nguvu, kuta za mrija hukutana na kinywaji hukwama. Kukoroma ni mtetemo wa nyama laini wakati hewa inapita kwa shida. Kimya kinachofuata ni dalili kwamba njia imeziba kabisa.

Wataalamu huhesabu tukio la apnea pale pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio mengine hudumu nusu dakika, hata zaidi ya dakika moja. Katika muda huo oksijeni hupungua katika damu na hewa chafu ya kabonidayoksaidi hurundikana. Ubongo hung'amua hatari na kumzindua mtu kidogo, kiasi cha kuirudishia misuli nguvu. Koo hufunguka, pumzi hurejea, na mara tu usingizi unapozama tena, mzunguko huanza upya.

Ukali wa maradhi hupimwa kwa idadi ya matukio katika saa moja ya usingizi, yakiwemo yale ambayo pumzi hupungua sana bila kukatika kabisa. Kwa mtu mzima, matukio 5 hadi chini ya 15 kwa saa huhesabiwa kuwa hali nyepesi, 15 hadi chini ya 30 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Mwenye matukio 30 kwa saa huhangaikia pumzi kila baada ya dakika mbili. Katika usiku wa saa saba, hiyo ni mara 210.

Ipo pia aina nyingine, ambayo njia ya hewa iko wazi lakini ubongo hautumi amri ya kuvuta pumzi. Aina hiyo huonekana zaidi kwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri na kwa wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Matibabu yake ni tofauti, na ndiyo maana kipimo cha kitaalamu kinahitajika kabla ya kununua kifaa chochote.

Je, ni jinamizi?

Anayeamka usiku akihema na kuhisi amekabwa huweza kuambiwa kwamba amevamiwa na jinamizi. Maelezo hayo yana mizizi mirefu katika jamii za Afrika Mashariki, na hofu anayoipata mtu ni ya kweli. Hata hivyo, hali mbili tofauti hubebwa na jina hilo moja.

Ya kwanza ni kupooza kwa muda wakati wa kuzinduka. Mtu hufumbua macho, akasikia uzito kifuani, akashindwa kusogeza mkono au kupaza sauti. Hutokea kwa sababu akili imeamka kabla ya misuli kuondokana na ulegevu wa usingizi wa ndoto. Hupita baada ya muda mfupi na kwa kawaida haina madhara ya kimwili.

Ya pili ni apnea. Hapa mtu anaweza kujisogeza. Huamka akivuta hewa kwa nguvu, moyo ukimwenda mbio, mdomo ukiwa umekauka. Aliyewahi kuishi katika vita au ukimbizini anaweza pia kuzinduka kwa ndoto za kutisha, na mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya hali moja kwa wakati mmoja. Daktari akielezwa kwa undani kinachotokea, bila mgonjwa kuona haya ya kulitaja jinamizi, atajua pa kuanzia.

Nani yuko hatarini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu karibu bilioni 1 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana apnea inayotokana na kuziba kwa njia ya hewa. Kati yao, takribani milioni 425 wana hali ya wastani au kali.

Uzito mkubwa wa mwili ndio kisababishi kinachojulikana zaidi, kwa kuwa mafuta hujilimbikiza pia shingoni na kwenye ulimi. Umri mkubwa na shingo nene huongeza uwezekano, na wanaume hupata zaidi kuliko wanawake. Lakini mtu mwembamba naye anaweza kuumwa, hasa mwenye taya dogo lililorudi nyuma, pua iliyoziba au ndugu wa damu wenye tatizo hilo. Pombe na dawa za usingizi huzidisha hali kwa kuilegeza zaidi misuli ya koo.

Wanawake wanahitaji kutajwa kwa namna ya pekee. Wengi wao hawakoromi kwa kishindo. Hulalamikia uchovu usioisha, maumivu ya kichwa asubuhi, kukosa usingizi au huzuni, na wanaweza kutibiwa kwa mambo mengine kwa miaka. Hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma, na pia wakati wa ujauzito, ambapo apnea huhusishwa na shinikizo la damu kwa mama.

Watoto nao hawakuachwa. Kwao, kisababishi kikubwa ni mafindofindo yaliyovimba pamoja na nyama zinazoota nyuma ya pua. Mtoto hulala mdomo wazi, hukoroma usiku mwingi, hutokwa na jasho au hukojoa kitandani. Mchana huenda asisinzie kama mtu mzima, bali akawa mtundu kupita kiasi na kushindwa kutulia darasani. Mzazi anayeitwa shuleni kwa sababu ya utundu wa mwanawe ana haki ya kuuliza pia kuhusu usingizi wake. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu hupata tatizo hili zaidi kuliko wenzao, na kwao kupungua kwa oksijeni si jambo la kupuuza.

Mwili hulipa gharama

Kila pumzi inapokatika, mwili hujibu kama ulio hatarini. Homoni za mshtuko humwagika, mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Hali hiyo ikirudiwa mamia ya mara kwa usiku, shinikizo linaweza kubaki juu hata mchana. Ndiyo maana madaktari hushuku apnea kwa mgonjwa ambaye presha yake haishuki ingawa anatumia dawa kadhaa. Maradhi haya huhusishwa pia na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi na kisukari cha aina ya pili.

Dalili za mchana ni usingizi usiozuilika, kichwa kuuma asubuhi, usahaulifu, hasira za haraka na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo usiku, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la uzee au la kibofu, ni dalili nyingine.

Hatari iliyo karibu zaidi iko barabarani. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba mwenye apnea isiyotibiwa ana uwezekano wa kupata ajali ya gari takribani mara mbili hadi tatu ya dereva asiye nayo. Kwa anayeendesha lori, teksi au basi, au anayerudi nyumbani alfajiri baada ya zamu ya usiku, kufumba macho kwa sekunde tatu kwenye barabara kuu kunatosha kuleta msiba.

Nchini Australia, dereva anatakiwa kuitaarifu mamlaka ya leseni ya jimbo lake kuhusu ugonjwa wa muda mrefu unaoweza kuathiri uendeshaji wake. Sharti hilo huwatia hofu wanaotegemea usukani kupata riziki, na wengine huamua kunyamaza. Hata hivyo, viwango vya kitaifa vya afya ya madereva vinaruhusu mtu aliyetibiwa vizuri kuendelea kuendesha, hata magari ya biashara, kwa leseni yenye masharti na ukaguzi wa mara kwa mara. Anayetibiwa anaweza kuilinda kazi yake, ilhali anayeficha huiweka rehani pamoja na maisha yake. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Jinsi ya kupimwa

Hatua ya kwanza ni daktari wa familia. Atauliza maswali, atapima shinikizo la damu, uzito na mzunguko wa shingo, na atamtazama mgonjwa kooni. Ni vyema mwenzi wa ndoa au mtu mwingine wa nyumbani aandamane na mgonjwa, kwa kuwa yeye ndiye shahidi. Anayeishi peke yake anaweza kuiacha simu ikirekodi sauti usiku mmoja na kuipeleka kwa daktari.

Daktari atatumia dodoso fupi. Mojawapo ni kipimo cha Epworth, kilichotungwa na daktari Murray Johns wa hospitali ya Epworth mjini Melbourne na kuchapishwa mwaka 1991. Mgonjwa huulizwa uwezekano wake wa kusinzia katika hali nane: akisoma, akitazama televisheni, akiwa abiria garini kwa saa nzima, akiwa kwenye gari lililosimama kwa muda mfupi katika foleni, na kadhalika. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 24. Alama zaidi ya 10 humaanisha usingizi wa mchana umepita kiasi. Dodoso jingine, liitwalo STOP-Bang, huuliza kuhusu kukoroma, uchovu, pumzi kukatika, shinikizo la damu, uzito, umri, shingo na jinsia.

Majibu ya kweli yana uzito wake. Tangu Novemba 2018, ili daktari wa familia ampeleke mgonjwa kupimwa moja kwa moja kwa gharama ya Medicare, mgonjwa anatakiwa kupata alama zisizopungua 8 katika kipimo cha Epworth, pamoja na alama zinazotakiwa katika dodoso la pili. Kwa STOP-Bang ni 3 au zaidi. Mtu anayepunguza majibu yake kwa kuogopa kuonekana mvivu anaweza kujinyima kipimo anachokihitaji. Asiyefikisha alama hizo anaweza kupelekwa kwanza kwa daktari bingwa wa usingizi.

Kipimo chenyewe hakiumizi. Vihisio hubandikwa kichwani, mikanda hufungwa kifuani na tumboni, kijimrija huwekwa puani, na kibanio kidogo hushikizwa kidoleni kupima oksijeni. Watu wazima wengi hupimwa wakiwa nyumbani, kitandani mwao. Wengine, hasa watoto na wenye maradhi mengine makubwa, hulazwa usiku mmoja hospitalini. Baadhi ya watoa huduma huidai Medicare moja kwa moja bila kumtoza mgonjwa chochote, hivyo inafaa kuuliza bei kabla ya kukubali miadi.

Mashine iliyozaliwa Sydney

Hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, mgonjwa mwenye apnea kali hakuwa na matumaini makubwa. Tiba ya uhakika ilikuwa kutobolewa tundu shingoni, chini ya zoloto, ili hewa ipite bila kufika mahali panapoziba. Tundu hilo lilizibwa mchana na kufunguliwa usiku. Liliokoa maisha, lakini lilikuwa gumu kuishi nalo.

Daktari Colin Sullivan alikuwa amerejea Sydney kutoka Toronto, Canada, ambako alishiriki kuchunguza jinsi mbwa wanavyopumua usingizini. Mnamo Juni 1980 alimpokea mgonjwa aliyeshauriwa kutobolewa koo. Mgonjwa huyo alilikataa tundu, lakini akakubali kujaribiwa kitu kipya, japo kwa usiku mmoja. Sullivan alitengeneza kifuniko cha pua, akakiunganisha kwa mirija na mota ya kupulizia hewa, ya aina inayotumika katika mashine za kufyonza vumbi.

Wazo lilikuwa jepesi. Ikiwa koo hujikunja kwa kukosa cha kulishikilia, hewa yenyewe ingeweza kulishikilia likawa wazi, kama inavyolijaza puto. Mgonjwa alipolala, shinikizo la hewa liliongezwa na pumzi ikatulia. Lilipopunguzwa, koo likaziba tena. Lilipopandishwa, likafunguka. Hatimaye aliachwa alale hadi asubuhi, akaamka akiwa mchangamfu kwa namna aliyokwisha kuisahau.

Mwezi Aprili 1981, Sullivan na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa watano. Mwaka 1989 ikaanzishwa kampuni, ambayo leo inajulikana kama ResMed, kuuza mashine za aina hiyo. Kutoka mota iliyovuma chumba kizima, kifaa hicho kimekuwa kisanduku kidogo cha kuwekwa kando ya kitanda, kisicho na kelele nyingi, na kimeenea duniani kote kwa jina la kifupi la CPAP.

Mashine hizo haziongezi oksijeni, kinyume na wanavyodhani wengi. Huvuta hewa ya chumbani, huichuja na kuipuliza kwa shinikizo ambalo kwa kawaida huwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Nyingine hujirekebisha zenyewe kulingana na mahitaji ya mgonjwa.

Kuizoea barakoa

Ugumu wa tiba hii uko katika kuivumilia. Wiki za mwanzo wengi huhisi kubanwa, hukauka pua, au huvua barakoa usingizini bila kujua. Wengine huona haya mbele ya wenzi wao, au huhisi wameonekana wagonjwa kabla ya wakati.

Mengi ya matatizo hayo yana suluhisho. Barakoa zipo za kuingia puani tu, za kufunika pua, na za kufunika pua na mdomo, na anayeshindwa na moja huweza kufaa kwa nyingine. Mwenye ndevu nyingi au nywele za kusuka anapaswa kulitaja hilo mapema, kwa kuwa mikanda na kingo za barakoa zinahitaji kukaa vizuri ili hewa isivuje. Chombo cha kutia unyevu hupunguza ukavu, na mashine inaweza kuwekwa ianze na shinikizo dogo kisha lipande taratibu. Kuivaa mchana kwa dakika chache wakati wa kutazama televisheni huisaidia akili kuizoea. Barakoa na mrija vinahitaji kuoshwa mara kwa mara kwa maji na sabuni laini.

Suala la fedha nalo haliepukiki. Medicare huchangia kipimo, lakini hailipii mashine ya kwenda nayo nyumbani. Bei yake kwa kawaida hupita dola 1,000. Bima binafsi za afya zinaweza kurejesha sehemu ya fedha, na serikali za majimbo zina mipango ya kuwasaidia wenye kipato kidogo na kadi za punguzo, ingawa masharti hutofautiana. Maduka mengi ya dawa hukodisha mashine kwa majaribio, njia nzuri ya kujua kama mtu ataiweza kabla ya kununua.

Anayesafiri kwenda Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura au Goma hana sababu ya kuiacha tiba yake Australia. Mashine za kisasa hukubali umeme wa huko, kinachohitajika ni adapta ya soketi. Panapokatika umeme mara kwa mara, zipo betri maalumu. Inashauriwa mashine ibebwe mkononi ndani ya ndege, pamoja na barua ya daktari.

Tiba nyingine

CPAP ndiyo tiba yenye nguvu zaidi, lakini haiko peke yake. Kwa hali nyepesi au ya wastani, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele na kuupa ulimi nafasi. Baadhi ya watu huziba koo wanapolala chali tu, na kulala kwa ubavu huwasaidia sana. Kuacha pombe saa za jioni kunamfaa kila mgonjwa.

Kupunguza uzito kuna matokeo yanayopimika. Utafiti wa muda mrefu katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kupungua kwa uzito kwa asilimia 10 kuliambatana na kupungua kwa matukio ya apnea kwa takribani asilimia 26. Mwaka 2024, majaribio ya dawa ya sindano ya tirzepatide kwa watu wenye unene uliopitiliza yalionyesha kwamba wasiotumia CPAP walipungukiwa na matukio kama 25 kwa saa baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 5 hivi kwa waliopewa dawa bandia. Desemba mwaka huo Marekani iliiidhinisha kwa matumizi hayo.

Upasuaji una nafasi yake pia. Kwa watoto, kuondoa mafindofindo na nyama za nyuma ya pua ndiko kunakoanza kufikiriwa, na mara nyingi hutosha. Kwa baadhi ya watu wazima, hupandikizwa kifaa kinachouamsha mshipa wa fahamu wa ulimi kila pumzi inapovutwa.

Hata ala ya muziki imejaribiwa. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waliripoti katika jarida la BMJ kwamba wagonjwa waliojifunza kupiga didgeridoo, ala ya kupuliza ya Waaborijini wa kaskazini mwa Australia, walipungukiwa na usingizi wa mchana na matukio ya apnea baada ya miezi minne. Walioshiriki walikuwa 25 tu, kwa hiyo ala hiyo haichukui nafasi ya mashine, lakini imethibitisha kwamba misuli ya koo inaweza kufanyizwa mazoezi.

Matarajio yawe sahihi

Tiba hii isipewe sifa isizostahili. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Adelaide na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 2,717 waliokuwa na apnea pamoja na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. CPAP haikupunguza idadi ya mishtuko ya moyo na viharusi katika kundi hilo. Iliwapunguzia usingizi wa mchana, ikaboresha hali ya moyo wa furaha na kuwapunguzia siku za kukosa kazini. Wastani wa kuivaa mashine, hata hivyo, ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku.

Kwa hiyo mwenye presha au kisukari hapaswi kuacha dawa zake kwa sababu amepata mashine. Na anayetaka faida kamili anahitaji kuivaa usiku kucha. Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji wowote anapaswa kumweleza daktari wa usingizi wa kaputi kwamba ana apnea, kwani dawa za ganzi na za maumivu hulegeza koo zaidi.

Pa kuanzia

Anayeita 131 450 husema lugha anayoitaka, kisha huunganishwa na mkalimani. Madaktari wanaohudumia wagonjwa wa Medicare wanaweza kuitumia huduma hiyo bila malipo. Mkalimani wa kazi ni bora kuliko mtoto wa nyumbani, kwa kuwa maswali ya usingizi hugusa tendo la ndoa, pombe na hofu za usiku, mambo ambayo mzazi hawezi kuyaeleza mbele ya mwanawe.

Mke aliyekuwa akihesabu sekunde gizani tayari amefanya sehemu ya kazi ya kitabibu. Kilichobaki ni kumweleza mumewe kwa upole idadi aliyoihesabu, na kukaa naye mbele ya daktari akiirudia.